Jini Naye Atoe Mahari

Naandika riwaya za mapenzi ambamo mmoja wa wapendanao si binadamu. Mara ni jini wa baharini, mara ni mwanamke aliyetoka kwenye mti, mara ni marehemu aliyegoma kuondoka. Naishi Mtwara mjini, nina stationari karibu na soko, na hadithi zangu nazishusha sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp. Chache zimeshatoka vitabu. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mambo haya unayatoa wapi?

Akiuliza mtu wa Dar es Salaam, mara nyingi anadhani nimetazama sana filamu za Wazungu wanyonya damu. Akiuliza mtu wa Mikindani, ana maana nyingine kabisa. Anataka kujua nani alinisimulia, na kama niliomba ruhusa kabla ya kuandika.

Maswali hayo mawili yamenifundisha kazi yangu ilivyo. Mwandishi wa Marekani au Uingereza anayeandika mapenzi ya aina hii hutumia kurasa nyingi kumshawishi msomaji kwamba kiumbe huyo anaweza kuwepo. Huku kwetu kazi hiyo ilishafanywa na bibi zetu. Msomaji wangu anapofungua sehemu ya kwanza, majini anayo tayari. Shangazi yake aliwahi kupungwa, akatolewa chano, fundi akaimba hadi alfajiri. Jirani yake hajaolewa na mtaa mzima unasema ana jini mahaba. Yeye mwenyewe alikatazwa tangu utotoni kukaa chini ya mbuyu saa za magharibi. Sina sababu ya kumthibitishia jini. Ninachotakiwa kumthibitishia ni mapenzi, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu mtu aliyezoea kuogopa hapendi upesi.

Baba yangu ni Mmakonde wa Tandahimba, mama ni mtu wa Mikindani. Kila upande umenipa chake.

Upande wa baba nilikuta hadithi ambayo kwangu ndiyo mama wa hadithi zote za aina hii, nayo ni hadithi ya asili ya Wamakonde wenyewe. Inasema hivi. Kule Mahuta, upande wa kusini wa uwanda wa juu unaoelekea Mto Ruvuma, zamani palikuwa na kichaka kizito tu. Ndani ya kichaka hicho akatokea mtu ambaye hakuwa akioga wala kunyoa nywele, na kula yake na kunywa yake vilikuwa haba. Siku moja akatoka, akakata mti, akachonga sanamu ya mtu. Akaibeba hadi kwenye makao yake, akaisimamisha wima. Usiku ule sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakashuka wote wawili hadi Ruvuma wakaoge. Huko mwanamke akajifungua mtoto, lakini mtoto hakuwa hai. Wakaondoka, wakapita nyanda za juu hadi bonde la Mbwemkuru. Akajifungua tena, na huyo naye hakuwa hai. Wakarudi kwenye kichaka chao cha Mahuta, na hapo akazaliwa wa tatu. Huyo akaishi, akakua, wakafuata wengine wengi.

Mjerumani Karl Weule, mtafiti wa makabila aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, aliiandika hadithi hiyo na kuichapisha kwao. Mimi niliipata kwa babu, jioni, tukimenya ming'oko ya kuchemsha, muda mrefu kabla sijajua kwamba imo kitabuni.

Nimekaa na hadithi hii miaka mingi na bado inanilisha. Kwanza, angalia nani wa ajabu ndani yake. Mwanamke katoka kwenye gogo, lakini aliyekuwa hana utu ni yule mwanaume: mchafu, nywele timutimu, hali wala hanywi kama watu. Baada tu ya mwanamke kuwepo ndipo tunasikia habari ya kuoga. Hadithi haisemi nani alitamka "twende mtoni", ila mimi kila nikiisimulia nampa mwanamke maneno hayo, na sijawahi kuona mzee akinikatalia. Tangu hapo, kila ninapoanza riwaya mpya nauliza kati ya wawili hawa nani atamfundisha mwenzake utu. Si lazima awe binadamu.

Halafu kuna wale watoto wawili. Babu alipofika hapo alikuwa anapunguza sauti, na bibi aliyekuwa akichambua mboga pembeni alikuwa anaacha kuchambua. Hakuna mahali popote katika hadithi hiyo panaposemwa kwamba yule mwanamke alikuwa mzuri, au kwamba walipendana. Tunaambiwa tu kwamba walizika, wakahama pamoja, wakazika tena, wakarudi pamoja. Sijapata maelezo ya mapenzi yanayozidi hayo. Vijana wanaoniomba niwafundishe kuandika huniletea sura tano za macho kukutana na moyo kudunda. Huwa nawauliza: msiba wa kwanza utaingia lini, na nani atabaki ukiisha?

Na kuna mteremko. Aliyekulia uwanda wa Makonde anajua kwamba juu ni pakavu, ardhi inameza mvua yote, na maji yako chini mabondeni. Bibi yangu wakati wa usichana wake walikuwa wanaondoka gizani kushuka kutafuta maji, wanarudi jua limeshapanda na mitungi kichwani. Njia ya maji ndiyo iliyokuwa mahali pa wasichana kuwa peke yao, pa kuimba, pa kukutana na mtu ambaye nyumbani hatakiwi. Nikiandika hadithi ya kule juu, siwakutanishi wapenzi sokoni wala shuleni. Nawakutanisha kwenye mteremko, wakati wa kupanda, mzigo ukiwa mzito na pumzi imekatika, kwa sababu hapo mtu hawezi kujifanya.

Nilipoamua kuandika riwaya ya mwanamke wa mti, nilikwenda kwa mchongaji mmoja, mzee sana, anayefanyia kazi chini ya mwembe nyuma ya nyumba yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unanunua au unaangalia?"

"Naangalia tu, babu, kama utaniruhusu."

"Kaa upande huu basi, usinizibie mwanga."

Nilikaa kutwa. Gogo la mpingo kwa nje halikupi dalili yoyote: gamba la kijivu, na chini ya gamba kuna mti mweupe unaokaribia rangi ya maziwa. Alikuwa anautoa ule weupe kwa tezo, vipande vidogo vidogo, mpaka weusi ukaanza kuchungulia. Akifika hapo analowesha kidole kwa mate, anapaka, anaangalia. Mate yakikauka anapaka tena. Nikamuuliza anajuaje uso utakaa wapi. Akaligeuza gogo na kunionyesha ufa mwembamba uliokuwa unapinda kushoto. "Huu ndio unaoamua. Nikiukatalia, atapasuka baada ya mwaka. Nikimfuata, huu utakuwa mstari wa shavu." Vumbi la mpingo lilinipanda puani nikapiga chafya hadi machozi, na mikono yangu ikawasha hadi usiku. Babu akasema mti ule haupendi kuguswa na mgeni.

Chafya ile imo kwenye riwaya. Mwanamke wangu wa mti akikaribiwa na mtu mwenye nia mbaya, mtu huyo anapiga chafya na ngozi inamwasha. Akikaribiwa na mumewe hakuna kitu. Wasomaji waliipenda kuliko uchawi wowote niliowahi kubuni, na wala sikuibuni.

Kwa wachongaji nimejifunza pia namna ya kuelezea kiumbe. Mtindo wa vinyago vya shetani ulizaliwa miaka ya 1950 miongoni mwa Wamakonde waliokuwa wamehamia Dar es Salaam, na jina linalotajwa sana ni la Samaki Likankoa. Vitazame vinyago hivyo kwa makini. Havikupi pembe na moto na meno kumi. Vinakupa sikio moja lililorefuka hadi begani, au mguu unaozunguka na kurudi kuingia mgongoni, na mengine yote yanaachwa yawe laini, karibu ya kawaida. Kosa moja mwilini linatosha. Jini wangu wa baharini kila kitu chake ni cha mtu, isipokuwa hatoi jasho. Mji kama Mtwara, mwezi wa kumi na moja mvua ikiwa imekaribia na hewa imesimama, mwanaume aliyekaa kwenye baraza shati kavu kabisa anatisha kuliko mwenye kwato.

Upande wa mama ni bahari. Wageni wanaokuja Mikindani huonyeshwa boma la Wajerumani la mwaka 1895, huambiwa kwamba Livingstone aliondokea hapa kwenda bara mwaka 1866, hupigwa picha kwenye milango ya nakshi. Mama alinionyesha vingine: mbuyu upi unapitwa kimya, ngazi ipi ya pwani haikaliwi, na nyumba ipi ya mawe ambayo ubani huchomwa kila Alhamisi hata kama hakuna anayeishi. Hakunieleza sababu. Aliyekulia pwani anajua kwamba sababu zinakuja zenyewe kadiri unavyokua.

Bahari ndiyo iliyonipa sheria yangu kubwa ya uandishi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu kuna bamvua. Maji yanajaa sana na yanakupwa sana, hadi akina mama wanakwenda mbali na chuma chao chenye ncha kutafuta pweza mahali ambapo juzi mtumbwi ulikuwa unapita. Katikati yake ni siku za maji mafu, bahari haiji mbele wala hairudi nyuma kwa maana. Nikasema jini wangu atakuja bamvua tu. Maji mafu hawezi, hata mpenzi wake afe. Baada ya kuamua hivyo, riwaya nzima ikajipanga. Wapenzi wakawa na kalenda. Harusi ya binti aliyolazimishwa ikapangwa siku ya maji mafu, kwa makusudi, na shangazi anayezijua siku. Wasomaji wangu wanaotoka familia za wavuvi waliliona hilo kabla yangu kulisema, wakaanza kuniandikia: "Mwandishi, hiyo Jumanne maji hayatoki! Atafikaje?" Jini anayeweza kila kitu hawezi kupenda, kwa sababu hana anachokitoa. Anayesubiri maji ndiye anayejua gharama.

Nimechukua kitu kidogo pia kutoka upande wa Lindi. Wazee wa Umatumbini wanasimulia jinsi Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alivyochukuliwa na mzimu mwaka 1904: aliingia kwenye maji, ndugu wakakaa ukingoni wakilia, na kesho yake akatoka akiwa na nguo kavu. Mwaka uliofuata ndiyo ikaja Maji Maji, naye akanyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Huyo mzee sijamtia kwenye riwaya yoyote na sitamtia. Damu iliyomwagika kusini katika vita ile, na njaa iliyofuata, si mapambo ya hadithi ya mapenzi. Nilichoazima ni ukavu wa nguo. Mtu akitoka majini akiwa amelowa, hakuna hadithi. Akitoka mkavu, kila aliye ukingoni anaelewa kwamba huko chini kulikuwa na nyumba.

Kwenye Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, kuna birika la kuogea la pembe nane, limejengwa kwa mawe ya matumbawe tangu karne ya 14, juu ya mwamba unaotazama bahari. Nilikaa pembeni yake na daftari hadi mwenye mashua akaniita mara mbili. Nilijua palepale kwamba pale ndipo binti mmoja na mwanamfalme wa kijini wangeagana. Sura hiyo niliiandika kwa siku moja na haikubadilika hata mstari.

Kuna mlango mmoja sijaufungua. Nilichezwa unyago, nina somo wangu, na mengi ya yale tuliyofundishwa ndani yangenogesha riwaya. Wasomaji wengine wananiomba kwa siri, wengine wanasema wataniongezea pesa. Jibu langu ni lilelile. Ya ndani yanabaki ndani. Kungwi wangu bado yu hai, na hata angekuwa hayupo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nalibeba kuliko yote.

Katika riwaya zangu jini hubisha hodi. Nililiweka hilo tangu ya kwanza, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa: unapiga hodi mara tatu, usipoitikiwa unageuza njia. Jini wangu anasimama nje ya usingizi wa binti, anapiga hodi, na asiposikia "karibu" anarudi baharini. Kwangu ilikuwa adabu tu. Kisha usiku mmoja dada mmoja wa Lindi, mtu mzima, mjane, aliniandikia: "Dada, jini wako anabisha hodi. Huyu wangu hajawahi kubisha."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nikamjibu, "Nieleze, mdogo wangu, nipo." Tukaandikiana kwa majuma. Aliyoniambia ni yake na sitayaandika hapa wala popote. Nitasema tu kile ambacho nimekuja kukisikia baadaye kwa wanawake wengine pia: jini mahaba ni jina ambalo watu wa nyumbani wanaweza kulitandika juu ya jambo la mtu kabisa, mtu mwenye kitanda humo humo ndani, anayekula sahani moja na wenzake asubuhi. Mwanamke akilia usiku, anaambiwa ana jini. Akikonda, jini. Akikataa kuolewa na mtu asiyemtaka, jini wake ana wivu. Anapelekwa kuandikiwa kombe, anapungwa, anatumia pesa alizouza ufuta, na mlango wa chumba chake unabaki hauna komeo.

Sisemi majini hayapo. Nimelelewa Mikindani, na Qurani ina sura nzima inayoitwa kwa jina lao. Nasema kwamba mwandishi wa hadithi hizi, katika nchi ambayo msomaji anaziamini, hana haki ya kumwandika jini anayechukua bila kupewa kisha akamwita mpenzi. Nimeona hadithi nyingi za namna hiyo zikishushwa, jini anamvamia binti sehemu ya pili, sehemu ya sita binti amempenda, na maoni chini yake ni makopa matupu. Kila nikiziona namkumbuka yule dada. Anaisoma hadithi kama hiyo akiwa chumbani kwake, na anafundishwa kwamba ikivumiliwa vya kutosha itageuka mapenzi.

Alikuja kuchukuliwa na dada wa mama yake, na siku moja walikwenda pamoja Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Hadi leo anasoma hadithi zangu. Hunitumia neno moja tu kila sehemu ikishuka: "Kabisha."

Kutoka kwake nikaongeza sheria nyingine, na hii wasomaji wameifanya yao hadi wananitania nayo njiani. Jini naye atoe mahari. Akitaka binti wa watu, alete washenga, akae mkekani, aulizwe kama mwingine. Sura ya posa ndiyo ninayoiandika kwa muda mrefu kuliko zote, na ndiyo inayosomwa kwa kelele zaidi. Ndani ya riwaya moja, mjomba wa binti, Mmakonde mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anakataa dhahabu, anakataa lulu, anakataa jahazi. Anauliza kitu kimoja: "Kwenu ni wapi? Mtoto wetu akiteswa huko, sisi tutakufuata kwa njia gani?" Hilo ndilo swali ambalo kila mjomba anatakiwa kuliuliza, jini au si jini. Jini ananyamaza. Siku ya bamvua inayofuata anarudi na kutoa mahari ambayo hakuna jini mwenzake amewahi kuitoa: jina lake la kweli. Maana mwenye jina la jini anaweza kumwita wakati wowote, mbele ya wazee, naye hana budi kuja. Jina hilo linakabidhiwa kwa mama wa binti, siyo kwa mjomba, siyo kwa binti. Nililia nikiandika sura hiyo. Wapo walioniambia walilia kuisoma.

Kuhusu maisha ya kila siku ya kazi hii, nitaeleza kwa kifupi. Naandika baada ya sala ya alfajiri hadi saa ya kufungua duka, kwenye simu, kisha naihamishia kwenye kompyuta ya dukani wateja wa fotokopi wakipungua. Wasomaji hulipa kwa simu, elfu moja kwa juma, na ninawaingiza kwenye kundi. Msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa kumi minada ikianza na wakulima wakilipwa, miamala inaingia vizuri, na huo ndio wakati ninaochapa vitabu. Masika yakifika watu wanaandika "Dada nikopeshe, nitalipa korosho zikitoka", nami nawaandika kwenye daftari na kuwaacha ndani ya kundi. Wengi wao hulipa.

Wezi wapo. Riwaya yangu moja ilichukuliwa yote, jina langu likatolewa, ikasomwa kwa sauti kwenye chaneli ya mtu YouTube na kusikilizwa na watu wengi kuliko nilionao mimi. Tangu hapo nasajili kazi zangu COSOTA kabla ya kushusha sehemu ya kwanza, kwa kuwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo na inatumika ukiwa na karatasi. Tena kila riwaya naitia mahali pamoja ambapo hapapo duniani, kijito au mwamba niliouzaa mwenyewe, ukiwa na jina lake. Mwizi hubadilisha majina ya watu. Majina ya mawe huyaacha.

Ila shule yangu kubwa ya uandishi iko uani kwa shangazi yangu, mdogo wake baba, ambako majirani hukutana kubangua korosho. Karai lenye matundu linawekwa motoni, korosho zinatoa mafuta, mafuta yanashika moto, zinamwagwa mchangani zikiwa bado zinafuka. Kisha wanakaa, wamejipaka majivu mikononi kwa sababu yale mafuta ya ganda yanababua, na kila mmoja ana kijiti chake cha kugongea. Ko, ko, ko. Mmoja ambaye mikono yake imechoka au imeungua anakuwa msomaji. Anasoma hadithi yangu kwenye simu kwa sauti, wenzake wanagonga.

Nimekaa pale nikisikiliza sentensi zangu. Ikiwa ndefu mno, msomaji anakosa pumzi na wanaogonga hawamsubiri. Penye maneno ya kujionyesha, mtu anauliza, "Kasema nini?" na hadithi inakatika. Penye ukweli, vijiti vinasimama. Si lazima pawe pa kutisha. Mara nyingi vilisimama mahali ambapo sikutarajia: mama anapomuuliza jini kama amekula, au pale mume wa mwanamke wa mti anapochimba kaburi dogo la pili na mkewe anamshikia taa. Bibi mmoja pale, mwenye miaka mingi na maneno machache, alisema baada ya sura hiyo, "Huyu mwanamke si wa mti," kisha akaendelea kugonga. Nikarudi nyumbani nikafuta maelezo yote ya mti kuanzia ukurasa ule hadi mwisho.

Riwaya hiyo ya mwanamke wa Mahuta sasa naiandika upya, safari hii kwa sauti yake yeye, tangu usiku anaposimamishwa wima gizani na kusikia kwa mara ya kwanza mtu anapumua. Sura ya Ruvuma imekwisha. Inayonichukua muda ni ya Mbwemkuru, mtoto wa pili, kwa sababu huzuni ya pili haifanani na ya kwanza, na akina mama walionikubalia kuzungumza nao juu ya hilo wananiambia mambo ambayo siwezi kuyaharakisha. Shangazi ameahidi kunisindikiza Mahuta mvua zikikatika, tushuke kwa miguu hadi mtoni, nijue mteremko ule unavyokaa kwenye magoti ya mtu ambaye jana yake hakuwa na magoti. Baada ya hapo nitaanza kushusha, na wa kwanza kuisikia watakuwa wale wa uani.